Njaa Zenye Majina: Historia ya Ukame Nchini Rwanda na Funzo Lake kwa Zama za Mabadiliko ya Tabianchi

Utangulizi

Muhula uliopita niliandika ubaoni maneno matatu: mabadiliko ya tabianchi. Nikawataka wanafunzi wa mwaka wa pili wayaeleze kwa Kiswahili chao wenyewe bila kufungua kamusi. Mmoja wao alisimama, akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Mwalimu, ni nchi gani hiyo iliyobadilisha tabia?" Darasa zima liliangua kicheko, nami sikuweza kujizuia.

Mwanafunzi huyo hakuwa mjinga. Aliligawa neno kama tulivyomfundisha kugawa maneno: tabia na nchi. Kwake yeye nchi ni Rwanda, ni Uganda, ni Tanzania. Hakuna aliyemweleza kwamba nchi, katika Kiswahili cha zamani, ni ardhi yote tunayoikanyaga, kama tunavyosema mbingu na nchi, au nchi kavu. Basi nikamfafanulia. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: mvua imenyesha asubuhi, jua limewaka mchana. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi, na wataalamu hupenda kuipima kwa miaka 30. Mtu akikasirika leo hatusemi kwamba ana tabia ya hasira. Ni lazima tumjue kwa muda mrefu. Hali kadhalika ardhi na anga lake.

Hata hivyo, niliporudi nyumbani jioni ile niliona kwamba swali lenyewe lilikuwa zito kuliko jibu langu. Ni nchi gani hasa iliyobadilisha tabia? Na ni nani atakayekumbuka, miaka 80 ijayo, kilichotokea na kilisababishwa na nani? Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Nitaanza na njaa kubwa zilizoipata Rwanda katika karne ya 20, nipite katika matukio tuliyoyashuhudia wenyewe, kisha nifike kwenye suala la usalama wa dunia. Hoja yangu ni moja: ukame peke yake haukuwahi kutosha kuangamiza watu wengi, ulihitaji msaada wa vita, amri mbaya na usahaulifu. Kwa sababu hiyo, kutunza kumbukumbu ni sehemu ya ulinzi, na mwalimu wa lugha ana zamu yake katika lindo hilo.

Njaa iliyopewa jina

Wanyarwanda hawakuziita njaa zao kwa tarakimu za mwaka. Walizipa majina. Njaa ya miaka ya 1916 hadi 1918, iliyoikumba zaidi sehemu ya kaskazini magharibi, hususan Bugoyi, iliitwa Rumanura. Ile ya 1928 na 1929, iliyoumiza sana upande wa mashariki, iliitwa Rwakayihura. Ile ya 1943 na 1944 iliitwa Ruzagayura. Wazee walipotaka kueleza umri wa mtu walisema alizaliwa kabla ya Ruzagayura, au kwamba alikuwa mtoto anayetembea Rwakayihura ilipoingia. Njaa ilikuwa kalenda.

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, umbo la majina haya lina jambo la kutufundisha. Yote yanaanza na Ru- au Rwa-. Viambishi hivi ndivyo tunavyovikuta katika majina ya watu wakubwa, kama vile wafalme Rwabugiri na Rudahigwa. Maana yake ni kwamba njaa ilipewa jina kwa namna ile ile anayopewa shujaa au mtawala. Haikuonekana kuwa ni upungufu wa chakula tu. Ilionekana kuwa ni kiumbe kilichoingia nchini, kikatawala kwa muda, kikaondoka na roho za watu. Jina lilikuwa kumbukumbu na pia lilikuwa mashtaka.

Tuitazame Rumanura kwanza. Tangu mwaka 1914 eneo la Gisenyi lilikuwa uwanja wa mapambano kati ya Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Rwanda, na Wabelgiji waliokuwa Kongo. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigali. Majeshi hula, na hayalimi. Nafaka, maharage na ng'ombe wa wananchi vilichukuliwa, na wanaume wenye nguvu walichukuliwa kubeba mizigo. Mvua ilipokuwa haba, hapakuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Vita vile vilianzia Ulaya, kwa sababu ambazo mkulima wa Bugoyi hakuzijua, lakini yeye ndiye aliyezikwa.

Rwakayihura ilifuata baada ya miaka kumi tu. Mvua zilikosekana, na maelfu ya watu walikufa. Wengine wengi walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi na chakula. Baada ya msiba huo serikali ya kikoloni iliamuru kila kaya ilime mazao yanayostahimili ukame, kama muhogo na viazi vitamu, na ikasukuma mbele ujenzi wa barabara ili chakula kiweze kusafirishwa. Kwa juu juu hatua hizi zilikuwa za busara. Muhogo umewaokoa wengi hadi leo. Lakini namna zilivyotekelezwa ni habari nyingine, nami nitairudia hivi punde.

Ruzagayura: mvua, vita na mipaka

Mwaka 1943 mvua zilikatika kwa vipindi virefu. Juu ya hayo, ugonjwa wa ukungu ulishambulia viazi mviringo, zao ambalo nyanda za juu zilikuwa zimelitegemea. Kuanzia Oktoba 1943 hadi Desemba 1944 njaa ilienea karibu nchi nzima. Makadirio ya vifo yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 36,000 na 50,000, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi.

Kwa nini ukame ule uligeuka kuwa maangamizi? Jibu liko katika mwaka wenyewe. Ubelgiji ilikuwa imevamiwa na Ujerumani, na serikali yake iliyokuwa uhamishoni London ilitegemea sana mali ya Kongo. Migodi ya Kongo ilikuwa ikitoa madini kwa ajili ya vita, na wachimbaji walihitaji kulishwa. Hivyo Rwanda na Burundi zilitakiwa kuchangia mazao na ng'ombe. Mkulima alitakiwa kutoa chakula wakati hana chakula, na kutoa nguvu zake wakati mwili hauna nguvu. Misaada ilikuja baadaye: watawala na wamisionari walisafirisha vyakula kupitia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, naye Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alituma msaada kwa walioathirika. Lakini msaada unaofika baada ya shamba kukauka na ng'ombe kuondoka humkuta mwenye nyumba ameshaondoka pia.

Na kweli waliondoka. Watu wengi mno, wanaokadiriwa kufikia mamia ya maelfu, waliihama Ruanda-Urundi, wengi wakielekea Kongo ya Wabelgiji na wengine Uganda. Tayari tangu mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwahamishia Wanyarwanda Kivu Kaskazini, hasa Masisi, kwa madai ya kupunguza msongamano na kuepusha njaa, huku mashamba ya walowezi yakipata vibarua. Suala la nani ana haki ya ardhi na uraia katika maeneo hayo halikutatuliwa wakati huo. Lilibaki likifuka moshi chini ya majivu, na katika miongo iliyofuata lilichangia mapigano ambayo eneo letu linayajua vizuri.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Sisemi kwamba ukame wa 1943 ndio uliozaa vita vya Kivu. Vita vina wenyewe, nao ni watu wenye nia na majina. Ninachosema ni kwamba ukame uliosimamiwa vibaya huwasukuma watu, na watu wanaosukumwa bila kupangiwa haki zao huwa kuni zilizokauka. Anayetaka kuzichoma hahitaji kibiriti kikubwa. Huo ndio uhusiano wa tabianchi na usalama, nasi tulikuwa nao hapa kabla haujaandikwa katika ripoti yoyote ya kimataifa.

Kiswahili kilikuwa upande gani?

Walimu wenzangu, hatuwezi kuisoma historia hii kama watazamaji. Katika Kinyarwanda kuna maneno mawili yaliyotokana na lugha yetu: akazi na ikiboko. Akazi ni kazi. Leo neno hilo halina ubaya wowote, kila mmoja anatafuta akazi. Lakini wakati wa Wabelgiji lilimaanisha kazi ya shuruti: barabara, mitaro, mashamba ya lazima. Ikiboko ni kile kiboko kilichomwangukia mgongoni asiyefika kwenye akazi, au ambaye shamba lake la muhogo halikufikia kipimo kilichoamriwa.

Wajerumani walikitumia Kiswahili kuendesha utawala wao Afrika Mashariki, na askari na makarani waliendelea kukitumia chini ya Wabelgiji. Hivyo kwa mkulima wengi wa milimani, maneno ya kwanza ya Kiswahili kuyasikia hayakuwa karibu wala hodi. Yalikuwa maneno ya amri. Tunapolalamika kwamba Wanyarwanda wengine walikidharau Kiswahili kwa muda mrefu, wakikiona lugha ya mabavu au ya wahuni wa mjini, tukumbuke kwamba dharau hiyo ina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa wakati wa njaa.

Silisemi hili kwa kukidhalilisha Kiswahili, ambacho ndicho mkate wangu. Nalisema kwa sababu hata ushauri mzuri, kama vile kulima muhogo kujikinga na ukame, ukifikishwa kwa kiboko hugeuka chuki. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Tunayo nafasi ya kukifanya kiwe lugha ya kuelimishana kuhusu hatari hii mpya, badala ya kuamrishana.

Taa zilipozimika

Wasomaji wenye umri wangu wanaukumbuka vizuri mwaka 2004. Nilikuwa mwanafunzi hapa Kigali. Umeme ulikatika saa nyingi za siku, tukawa tunasoma kwa mshumaa na kwa taa ya mafuta. Maduka ya kutoa fotokopi yalifungwa mapema, na aliyekuwa na kazi ya kuwasilisha kesho yake alijua la kufanya: kunakili kwa mkono. Sisi wanafunzi tuliwalaumu watu wa umeme. Hatukujua kwamba lawama yetu ilipaswa kupanda hadi kaskazini, kwenye kinamasi ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona.

Kinamasi hicho ni Rugezi, kilichopo katika wilaya za Burera na Gicumbi. Rugezi hufanya kazi kama sifongo: hunywa maji ya mvua na kuyaachia polepole kuingia Ziwa Burera. Kutoka Burera maji huteremkia Ziwa Ruhondo, na katika mteremko huo ndipo kilipo kituo cha kufua umeme cha Ntaruka, kilichojengwa mwaka 1959. Wakulima waliokosa ardhi walichimba mitaro, wakakikausha kinamasi ili wapate mashamba. Mvua nazo zilipungua, na uendeshaji wa kituo ulikuwa na kasoro zake. Ziwa Burera likashuka, Ntaruka ikadhoofika, na serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili, nikidhani nimeukimbia mshumaa. Kumbe! Mwaka 2006 ukame ulikuwa umelishusha bwawa la Mtera, na Dar es Salaam nzima ilikuwa ikizungumzia mgao. Wakati huo huo Ziwa Viktoria lilikuwa limeshuka sana kwa sababu ya ukame na ya maji mengi kupita kiasi kuachiwa kwenye mitambo ya Jinja, nao Waganda walikuwa gizani. Wanafunzi wa nchi tatu tulikaa kwenye ukumbi mmoja wa bweni, kila mmoja akieleza giza la kwao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tabianchi haina pasipoti.

Rugezi ina mwisho wa kutia moyo. Kinamasi kiliwekewa ulinzi, mwaka 2005 kiliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na milima inayokizunguka ikapandwa miti na kuchimbwa matuta. Maji yalirudi, Ntaruka ikapata nguvu tena, na mwaka 2010 Rwanda ikatunukiwa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo. Lakini mwanahistoria mwaminifu hawezi kuishia kwenye tuzo. Waliokuwa wakilima na kukata majani ndani ya kinamasi walipoteza riziki hiyo, nao walikuwa miongoni mwa maskini wa nchi. Taa zilizowaka tena Kigali zililipiwa kwa sehemu na mkulima wa Burera. Hesabu ya namna hiyo ikisahauliwa, kinamasi kitavamiwa tena.

Usiku wa Mei 2023

Kama njaa za zamani zilitokana na mvua kukosekana, misiba ya siku hizi hutokana pia na mvua kuja kwa pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliipiga sehemu ya magharibi, kaskazini na kusini ya nchi. Mto Sebeya ulifurika huko Rubavu, na milima ilibomoka Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Zaidi ya watu 130 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini. Siku moja tu baadaye, tarehe 4 Mei, mafuriko yaliwaua zaidi ya watu 400 huko Kalehe, Kivu Kusini, upande wa pili wa ziwa. Msiba ulikuwa mmoja, ziwa moja, bendera mbili.

Msomaji atakumbuka kwamba Rubavu ni sehemu ya Bugoyi ile ile iliyopigwa na Rumanura. Juu yake uko msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na ukubwa wa hekta zipatazo 28,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulibaki na hekta 600 hivi, baada ya miradi ya mifugo na kisha makazi ya watu waliokosa pa kwenda. Kila mti ulioondoka ulikuwa na sababu yake, na sababu nyingi zilikuwa za haki. Maji hayakuzisikiliza.

Baada ya mafuriko hayo, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kuchunguza ni kwa kiasi gani ongezeko la joto duniani lilichangia mvua ile. Walishindwa kutoa jibu. Si kwa sababu hawakuwa na maarifa. Ni kwa sababu takwimu za mvua za eneo hilo zilikuwa chache mno. Hapa Rwanda tunajua sehemu ya sababu. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliharibu kila kitu, hata vituo vya kupimia mvua. Kwa zaidi ya muongo mmoja vituo vingi vilinyamaza, na katika daftari la mvua la taifa lilibaki pengo. Aliyekuwa akisoma kipimamvua kila asubuhi aliuawa, au alikimbia, au hakuwa tena na sababu ya kuandika.

Nauona ukweli huu kuwa mchungu kuliko takwimu yoyote. Wazee wetu, ambao hawakuwa na kipimamvua, walituachia majina matatu yanayotuwezesha kujua ni lini, ni wapi na ni kwa nini watu walikufa. Sisi wenye setilaiti tumepata msiba ambao sayansi imeshindwa kuusemea kwa sababu kumbukumbu hazikuwepo. Na asiyeweza kuonyesha alivyodhurika atadai nini, na kwa nani?

Mbele ya Baraza la Usalama

Swali la kudai linatupeleka New York. Tarehe 17 Aprili 2007, chini ya uenyekiti wa Uingereza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili tabianchi kwa mara ya kwanza kama jambo la usalama. Nchi nyingi zinazoendelea zilisema Baraza hilo si mahali pake. Ziliona mjadala ungeondolewa katika vikao ambavyo kila nchi ina sauti sawa. Tarehe 20 Julai 2011 Baraza lilirudia mjadala. Siku hiyo hiyo Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi njaa katika sehemu mbili za kusini mwa Somalia, ambako mvua zilikuwa zimekosekana na vita vilizuia misaada. Takriban watu 260,000 walikufa katika njaa hiyo, nusu yao watoto chini ya miaka mitano, na maelfu kwa maelfu walitembea hadi Dadaab nchini Kenya. Ukame, vita, watu kuvuka mpaka: ni Ruzagayura ile ile kwa jina jingine.

Mwezi Desemba 2021 Niger na Ireland zilileta azimio la kulitaka Baraza lizingatie tabianchi katika kazi yake ya kuzuia migogoro. Nchi 12 zilikubali, Kenya ikiwamo. India ilikataa, China haikupiga kura upande wowote, na Urusi ikalizima kwa kura ya turufu. Hoja za waliokataa hazikuwa zote za bure. Walihofia kwamba nchi zenye nguvu zingetumia ukame kama kisingizio cha kuingilia wengine, hali wao wenyewe ndio walioijaza anga moshi. Anayeijua historia ya akazi hawezi kuicheka hofu hiyo.

Lakini mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguliwa. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake ya ushauri, kufuatia ombi lililoanzishwa na Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa katika Pasifiki. Mahakama ilisema kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na kwamba kuvunja wajibu huo kunaweza kuleta dhima. Maoni hayo hayalazimishi kama hukumu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza swali la mwanafunzi wangu limeulizwa katika mahakama kuu ya dunia: ni nchi gani iliyobadilisha tabia? Jibu lake litahitaji ushahidi, na ushahidi ni kumbukumbu.

Na tusisahau kwamba jina la mji wetu nalo limo katika historia hii. Tarehe 15 Oktoba 2016 nchi karibu 200 zilikubaliana hapa Kigali kupunguza gesi zinazotumika katika majokofu na viyoyozi, ambazo hupasha dunia joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa. Makubaliano hayo, yaitwayo Marekebisho ya Kigali, yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na yakitekelezwa kikamilifu yanatarajiwa kuepusha ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi ifikapo mwisho wa karne hii. Huenda ndilo jina la kwanza kutoka kwetu, katika habari za tabianchi, lisilotaja msiba.

Zamu ya mwalimu wa Kiswahili

Je, sisi walimu wa lugha tufanye nini? Hatujengi mabwawa wala hatupigi kura New York. Lakini kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tufundishe istilahi kwa uangalifu. Bado magazeti na hata vitabu vinachanganya hali ya hewa na tabianchi, kana kwamba ni kitu kimoja. Mkulima akiambiwa "hali ya hewa imebadilika" atasubiri ibadilike tena kesho. Akiambiwa kwamba tabia yenyewe imebadilika, atajua kwamba hata tarehe ya kupanda aliyorithi kwa babu yake inahitaji kufikiriwa upya.

Pili, tusifundishe majira kama mashairi tu. Mwanafunzi ajue kwamba masika yanakaribiana na Itumba ya Kinyarwanda, vuli na Umuhindo, na kiangazi kirefu na Impeshyi. Ajue pia kwamba majira ya pwani yalipimwa kwa pepo za kusi na kaskazi, na ya milimani kwa kazi ya jembe. Akishayajua majina, ataweza kueleza Umuhindo unapochelewa kwa majuma matatu, tena kwa lugha inayoeleweka Gisenyi, Goma, Kampala na Mombasa.

Tatu, tukusanye kumbukumbu. Katika zoezi la insha muhula huu niliwatuma wanafunzi makwao wakawaulize wazee: ni mwaka gani mvua ilikataa, uliitwaje, na mlikula nini? Sharti lilikuwa kuandika kwa Kiswahili, na kutaja mahali na mwaka. Baadhi yao walirudi na majina ya njaa ndogo ndogo ambayo sikuwahi kuyakuta kitabuni. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati wa Ruzagayura sasa amepita miaka 90. Hatuna muda wa kusubiri ruzuku ya utafiti.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu una sehemu mbili: mmoja uko angani, nao umepasuliwa zaidi na wengine kuliko sisi, mwingine uko katika daftari zetu, nao ni wetu wenyewe. Kizazi kijacho kitaishi katika ardhi yenye joto zaidi ya hii. Hilo limeshaamuliwa kwa sehemu kubwa. Ambalo halijaamuliwa ni kama watakaokuja wataweza kujua kilichotokea, kukieleza na kukidai.

Mwanafunzi wangu yule ameandika insha yake. Alikwenda kwa bibi yake huko Nyabihu, na amenakili majina mawili ya njaa na moja la mafuriko. Mafuriko hayo ni ya Mei 2023. Anasema majirani wameshayapa jina lao. Nimemwomba alihifadhi vizuri, na aandike chini yake mwaka, mto, na idadi ya nyumba zilizoondoka.